Dhamana ya Nyumba Isiyowahi Kulaliwa

Ijumaa hiyo Nafula alishindwa kukaa. Alimimina chai ikapoa, akaimwaga, akamimina nyingine. Akikaa kitandani mwili unamwambia simama, na akisimama hakuna pa kwenda, maana chumba chenyewe kilikuwa vitanda viwili, kabati, friji ndogo na dirisha linalochungulia dirisha la ghorofa jingine, pale Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa katikati ya Doha. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo tangu juzi. Alikuwa amempigia haris, yule mlinzi wa jengo, naye akajibu kama kawaida yake kwamba bukra, fundi atakuja kesho. Na kweli angekuja. Doha ndivyo ilivyomzoesha. Kitu kikiharibika unapiga simu, mtu anatokea na kisanduku chake cha vifaa, anapanda ngazi, anagonga hapa na pale, khalas, mambo yamekwisha.

Lakini nyumba iliyokuwa inamkosesha raha haikuwa hiyo. Ilikuwa Kiminini, kwao Kenya, njia ya kwenda Kitale, na mwenye kuiuza alikuwa Mutai.

Mutai alikuwa dereva wa familia moja kule Muaither. Nafula, aliyekuwa muuguzi katika kliniki, alimjua kanisani, kwenye ushirika wa Wakenya wa siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo mapumziko ya huko. Sasa mkataba wa Mutai ulikuwa unaisha, na alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Alisema amechoka kushika usukani wa gari la mtu. Angeuza nyumba yake anunue lori, na akipiga honi iwe honi yake.

Nafula naye alikuwa anatafuta nyumba ya mama yake. Mama Virginia, tangu magoti yaanze kumsumbua, aliishi hukohuko Kiminini kwa mwanawe wa kiume, katika chumba cha nyuma, na choo kiko mwisho wa uwanja, baada ya banda la ng'ombe. Msimu wa mvua uwanja ule huwa tope tupu. Mama akawa hanywi maji jioni, ili usiku asilazimike kutoka. Hakumwambia Nafula jambo hilo. Lilisemwa na jirani, katikati ya maneno mengine, kama kitu kidogo tu. Tangu siku hiyo Nafula, kila akiinua glasi ya maji pale Doha, anaiona kiu ya mama yake.

Alikuwa ameahidi kwamba mwaka huu mama atalala penye choo ndani. Na mvua za Kiminini zilikuwa zimeshaanza.

Nyumba ya Mutai ilikuwa na vyoo viwili. Nafula alikuwa ameitazama kwenye simu mpaka akaijua kama uso wa mtu. Milango ilikuwa ingali na plastiki ya dukani. Vigae vilikuwa vinang'aa, bomba la kuogea limeinama kama shingo ya bata. Philip, mdogo wake Mutai, ndiye aliyeisimamia ikijengwa, na ndiye aliyekuwa anakwenda kuipiga deki na kutuma picha.

"Nani anaishi humo?" Nafula aliuliza mwanzoni kabisa.

"Hakuna mtu," Mutai akamjibu kwa fahari. "Ni mpya. Haijaguswa."

Jibu hilo lilimfurahisha siku mbili, halafu likaanza kumwasha. Alipochunguza zaidi akaambiwa sababu. Kwao Mutai, mwenye nyumba ndiye huifungua. Ndiye huwasha moto wa kwanza, ndiye hulala usiku wa kwanza. Mtu mwingine akimtangulia, nyumba imeshapata mwenyewe mwingine, na wazee hawataacha kusema. Nyumba ilipokwisha, Mutai alikuwa Doha. Likizo yake ya mwisho alikwenda kumzika baba yake, na mtu aliye matangani hafungui nyumba. Akarudi kazini, ufunguo mmoja mfukoni na mwingine kwa Philip. Basi nyumba ikakaa, inasuguliwa na kupigwa picha, kama bibi harusi ambaye bwana harusi wake amechelewa.

Nafula alikuwa ameomba jambo moja tu. Mama yake aende akalale humo siku chache, apike, aoge, aone. Mutai akakataa kwa upole lakini akakataa kabisa. Mama akilala, na biashara ikivunjika, yeye atakwenda kulala wapi? Nyumba yake itakuwa imeshafunguliwa na mama wa watu.

Badala yake alileta dhamana. Kulikuwa na kampuni moja Nairobi iliyokuwa inauza dhamana ya nyumba. Kwa mwaka mzima pampu ikifa, hita ya maji ikiungua, nyaya zikileta shida, bomba likipasuka, unawapigia, wanaleta fundi. Muuzaji analipa nusu na mnunuzi anamalizia nusu. Mutai aliieleza kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wa siku nyingi.

"Chukua," Cheryl alimwambia Nafula. Cheryl ndiye waliyekuwa wanaishi naye chumbani, na alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya kupangisha nyumba. Alikuwa amejilaza anapaka kucha rangi, miguu juu ya ukuta. "Hata simu yako ina waranti. Utanunua nyumba bila waranti na simu ina waranti?"

"Simu niliiwasha dukani kabla sijalipa."

"Wewe una maneno. Unataka nyumba uiwashe?"

Neno hilo lilimkaa Nafula moyoni. Akachukua simu, akatoka kwenye korido ambako joto lilimpokea kama mdomo wa tanuri, akaipigia ile kampuni ya Nairobi. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti ya heshima, na majibu yake yalikuwa yametayarishwa vizuri. Nafula akamuuliza habari za pampu, akajibiwa. Akamuuliza fundi wao wa karibu na Kiminini anatoka wapi, akaambiwa Eldoret. Halafu akauliza lililomtoa chumbani.

"Na kama kitu kilikuwa kibovu tangu mwanzo?"

"Hicho hatukigusi, mama. Dhamana inashika kitu kilichokuwa kinafanya kazi siku ya kukabidhiana."

"Mtajuaje kilikuwa kinafanya kazi?"

"Muuzaji anathibitisha."

Nafula alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Muuzaji anathibitisha. Muuzaji gani? Yule ambaye hajawahi kufungua bomba hata moja katika nyumba yake?

Akampigia Mutai na kumwambia bila kuzunguka. Kabla ya kulipa hata senti, kila kitu ndani ya nyumba ile kifunguliwe na kuwashwa mbele ya macho yao, leo hii, kwenye simu. Philip aende. Mama Virginia naye aende, asimame awe shahidi. Kuwasha taa si kuwasha moto wala kulala, kwa hiyo mila haitavunjika. Mutai akacheka, akasema sawa, dada, kama hilo ndilo litakalokupa usingizi.

Wageni wa kiume hawakuruhusiwa kupanda kwenye jengo lao, kwa hiyo walikutana mkahawa wa chini, ule wa karak, chai nzito ya maziwa na iliki. Mutai alikuja amevaa shati lake la ibada, amenyoa, amenukia. Cheryl alishuka pia, akisema hawezi kukosa sinema ya bure. Wakaagiza karak tatu. Simu ya Mutai ikaegemezwa kwenye kopo la vijiti vya meno, na Kiminini ikatokea: mawingu mazito, mahindi yamefika kiunoni, na uso wa Philip ukiwa karibu mno na kioo.

"Mayi yuko wapi?" Nafula akauliza. Mayi ndivyo alivyozoea kumwita mama yake.

Philip akageuza simu. Mama Virginia alikuwa amesimama barazani, mwavuli mkononi, viatu vya kanisani miguuni. Alipoambiwa aingie ndani, alikataa. Hata kwao akina Nafula mila hiyo ilijulikana.

"Mimi nabaki hapa mlangoni," alisema. "Mwenyewe hajalala. Nyinyi fungueni, mimi naona."

Basi Philip akaanza. Akawasha taa za sebuleni, zikawaka. Akawasha za vyumbani, zikawaka zote. Mutai alikuwa anaitikia kwa kichwa kila taa, kama mwalimu anayesikia darasa likisoma vizuri. Pampu ikapigwa swichi, ikakohoa, ikanguruma, na maji yakasikika yakipanda kwenye tangi. Cheryl akamgusa Nafula kiwiko. Hita ikawashwa, kijitaa chake chekundu kikatokea. Nafula alijikuta ameanza kupumua. Alimwona mama yake jikoni humo, kigoda chake, redio yake.

"Fungua bomba la kuogea," akasema. "Ufungue mpaka mwisho, uliache. Na choo ukivute."

Maji yakatoka kwenye ile shingo ya bata kwa nguvu na uzuri. Mutai akapiga meza kidogo kwa kiganja. Philip akavuta choo, kikaguruma. Akaja kukaa mbele ya kamera akiwasimulia bei ya mbolea, maji yakiendelea kumwagika nyuma yake.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Mama Virginia, na sauti yake ilitoka mbali.

"Philip, hayo maji yanakwenda wapi?"

Philip akageuka. Sakafu ya bafu ilikuwa imejaa. Maji hayakuwa yanashuka kwenye tundu, yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu, na sasa yalikuwa na rangi. Yale ya choo yalikuwa yameamua kutokea huko. Philip alikimbilia bomba, akateleza, picha ikaonyesha dari, kisha goti lake, kisha korido ambayo maji yalikuwa yanatembea juu ya vigae bila haraka, yakapita mlango wa chumba cha kulala, yakapita sebuleni, mpaka barazani. Mama Virginia akarudi nyuma hatua moja. Yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake.

Pale mkahawani Cheryl akaisogelea simu.

"Mutai, hukutuambia kuna bwawa la kuogelea. Hiyo ni nyongeza, ama ni bei ileile?"

Mutai hakumsikia. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Philip. Miaka yote hiyo unapiga deki, hukuona?"

"Kaka, nilikuwa nachota maji kwa jirani na ndoo, na machafu namwaga nje," Philip akasema, akihema. "Wewe ulisema nisitumie kitu chochote mpaka uje. Sijawahi kufungua hata bomba la jikoni."

Ikawa hivyo. Mutai alikata simu. Alitazama karak yake iliyokuwa imeanza kufanya utando juu, akaisukuma kando. Nafula alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimchanganya, kwa sababu alikuja na hasira iliyo tayari na sasa hakuwa na pa kuiweka. Mtu huyu alikuwa amejenga nyumba nzima kwa simu, jiwe kwa jiwe, akiendesha watoto wa watu kwenda shule, na leo ndiyo siku yake ya kwanza kuiona ikitumika.

Kisha Mutai akainua kichwa, na jicho lake lilikuwa limebadilika.

"Hilo ni bomba tu," alisema polepole. "Na bomba limo kwenye dhamana. Tulipe leo. Mimi nathibitisha kila kitu kilikuwa sawa. Tunakabidhiana, tunakaa wiki mbili, halafu mama anapiga simu, anasema maji yamekataa kushuka. Wanaleta fundi. Wewe hupati hasara, mimi sipati hasara."

Nafula alisimama, akakaa. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mama angehamia mwezi huohuo, kabla tope la uwanja ule halijafika kwenye vifundo vya miguu. Kwani kampuni ingepungukiwa na nini? Hata Cheryl, ambaye mdomo wake haufungiki, alikuwa anakoroga sukari ambayo haikuwepo.

"Wakija watamkuta mama," Nafula akasema hatimaye.

"Ndiyo, atawafungulia."

"Watamuuliza maji yalianza lini kupanda. Atawaambia tangu siku ile nilipokuwa nimesimama barazani na viatu vyangu vya kanisani. Mama yangu, Mutai, hajui kusema lingine. Nikimfundisha, atawaambia pia kwamba nimemfundisha."

Cheryl akacheka kwa pua. Mutai hakucheka. Alisema sasa anafanywa mwizi, yeye aliyeleta dhamana kwa moyo safi, yeye aliyekubali watu waingie kwenye nyumba yake kwa simu kama polisi. Alisema wao ni watu wa kanisa moja na hakutegemea hili. Alisema yuko mtu mwingine, wa Al Wakrah, mji wa jirani, anayeitaka nyumba ile hata leo, bila maswali. Nafula alimwacha amalize.

"Mwenyewe hujui nyumba yako," alimwambia, bila kupandisha sauti. "Nitakudai nini, na wewe utanihakikishia nini? Mkataba wako unaisha. Nenda nyumbani, uwashe moto wako, ulale. Oga humo. Mvua ikupigie bati. Halafu unipigie uniambie. Nitanunua kitu unachokijua."

"Na yule wa Al Wakrah?"

"Muuzie."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Mutai akasimama, akaweka noti mezani, akatoka bila kuaga, na mlango ukaingiza joto la nje. Cheryl akamgeukia Nafula.

"Wewe," alisema, "kama huyo wa Al Wakrah yupo kweli, umeuza nyumba ambayo hujanunua."

Tangu hapo kazi ya Nafula ikawa kungoja, na hakuna kazi aliyoichukia zaidi. Aliposikia kwamba Mutai ameondoka, alisikia kwa watu, kwenye ushirika. Hakuna aliyejua kama nyumba imeuzwa. Kliniki alipima watu shinikizo la damu akahisi lake ndilo linalopanda. Fundi wa kiyoyozi alikuja kama haris alivyosema, akatoa bonge la vumbi kwenye kibomba kidogo cha kutolea maji, akaondoka, na ule ukimya wa ndoo isiyodondokewa ukamfanya Nafula ashindwe kulala kuliko kelele. Aliangalia hali ya hewa ya Kitale kila asubuhi. Mvua. Mvua. Radi na mvua. Akipiga simu nyumbani, mama alimwambia yuko salama, na Nafula akamuuliza kama amekunywa maji, na mama akageuza maneno.

Mara mbili aliishika namba ya Mutai akaiachia. Mara moja aliipiga, ikaita mpaka ikakatika. Basi, akajiambia, ameuza. Alianza kutazama nyumba nyingine kwenye simu, zote zinang'aa, zote milango ina plastiki, na kila moja ikamtia wasiwasi pale pale.

Kisha Mutai akapiga mwenyewe, siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana. Nafula alitoka na simu mpaka kwenye ngazi za dharura. Picha ilipofunguka alimwona Mutai ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, amevaa sweta, nyuma yake sufuria iko juu ya jiko la gesi. Milango haikuwa na plastiki tena.

Hakuanza na salamu ndefu. Alisema fundi Job, ambaye anakaa nyuma ya soko, amefukua bomba kutoka bafuni mpaka kwenye shimo la maji machafu. Waliojenga walikuwa wamesokota mifuko mitupu ya saruji wakaisukumiza ndani ya bomba ili mchanga usiingie wakati wa kazi. Wakalipwa, wakaenda zao, mifuko ikabaki humo. Mtu angeoga mara moja tu siku ile ya kwanza, ingejulikana. Sasa imetolewa, naye anaoga kila asubuhi, na maji yanakwenda yanakotakiwa.

"Mengine ni haya," akaendelea. "Dirisha la chumba kikubwa linaingiza upepo, nimeweka kitambaa lakini bado. Bati linapiga kelele sana mvua ikiwa nzito, hamtasikizana. Pampu inahitaji kupigwa kofi kidogo asubuhi. Jirani ana mbwa. Jua la asubuhi linaingia jikoni, hilo ni zuri. Unakaa hapa na chai yako, unaona mahindi yote."

Akawa anatazama pembeni, upande wa dirisha ambalo Nafula hakuliona. Nafula alijua anayatazama mahindi yake.

"Na mtu wa Al Wakrah?" akauliza.

"Hakukuwa na mtu wa Al Wakrah, dada."

"Nilijua," Nafula akasema, ingawa hakujua, akakaa kwenye ngazi.

Mutai akamuuliza kama bado anataka ile dhamana ya kampuni, maana nusu yake ameshaitenga. Sasa, alisema, anaweza kuthibitisha mbele ya mtu yeyote. Nafula alifikiria fundi wa kutoka Eldoret, na simu inayoanza kwa kuuliza nambari ya dhamana, na mama yake amesimama na kikombe akisikiliza muziki wa kungojea. Alifikiria pia kwamba mwaka una siku nyingi na pampu ile tayari inapigwa makofi.

"Huyo Job," akasema. "Mama akimwita anakuja?"

"Anakuja kwa miguu. Nimemwonyesha kila bomba, na yeye amenionyesha."

"Basi nusu yangu nitamwekea Job, na nusu yako ununue pampu nyingine kabla hatujaandikiana."

Mutai alikubali upesi, upesi kuliko Nafula alivyotegemea, kama mtu anayetaka kumaliza jambo akiwa bado ana nguvu za kulimaliza. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Nje ya dirisha lake mvua ilikuwa imeanza, na bati likaanza kelele zake, na ikabidi ainue sauti.

"Mama yako aje wiki hii," alisema. "Asingoje mwezi uishe. Nitampisha, nitalala kwa Philip. Mwambie aje, Nafula, kabla sijaizoea nyumba hii."

Nafula hakungoja sauti yake ikatike vizuri. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina la mama.